Barua kwa mwanangu: kabla hujachonga macho

Bagamoyo

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Picha ulizotuma nimezitazama moja moja. Unauliza kwa nini nyuso unazochonga zinatoka bapa, ilhali macho, pua na mdomo vyote vipo. Tena unauliza kama gogo la mjakaranda ulilopewa na jirani yako huko Arusha linafaa kujifunzia.

Hilo la gogo ni rahisi. Linafaa. Mjakaranda ni laini, na wachongaji wa Kenya wanautumia sana. Mpingo uache kwanza. Ni mzito hata majini unazama, na ugumu wake utakumalizia makali ya patasi kabla hujapata shavu moja. Wamakonde, ambao vinyago vyao vya mpingo vimejulikana duniani kote, barakoa ya ngoma ya mapiko hawaichongi kwa mpingo. Wanatafuta mti mwepesi, maana mchezaji anaivaa kichwani na kucheza nayo. Kama gogo lako bado bichi, paka nta au rangi kwenye ncha zote mbili na uliweke kivulini. Maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha, na nyufa huanzia hapo. Ukilipasua, kipande chenye kiini cha katikati usikichonge, kwani ndicho hupasuka kwanza.

Sasa nyuso. Wewe umekulia hapa, na nakshi ulizozizoea tangu utoto ni za milango ya mji wetu. Fundi wa mlango anaanza na ubao bapa, anachora maua na minyororo, kisha anaondoa mti unaozunguka mchoro ili ua libaki juu. Kazi hiyo naiheshimu mno, lakini haina nyuso ndani yake, na imelifundisha jicho lako kuona mchongo kuwa ni mchoro ulioinuliwa kidogo. Ndicho ulichofanya: umechora uso kwa penseli, ukaifuata mistari kwa patasi. Jipapase mwenyewe kuanzia ncha ya pua, upite shavuni hadi sikioni. Uone mkono unavyorudi nyuma, mwendo mrefu. Mwendo huo haumo kwenye kazi yako.

Basi kata kipande cha mraba, sentimita 5 kwa 5, urefu kama 15, halafu usichonge kwenye upande wake bapa. Kigeuze kona ikuelekee. Kona hiyo ndiyo pua, na pande mbili zake tayari zinarudi nyuma kuelekea masikioni. Hatua hii peke yake itakuondolea nusu ya tatizo.

Alama za penseli ziwe chache. Macho yako katikati ya kichwa, nusu ya urefu kutoka utosini hadi kidevuni. Wanafunzi wengi huyapandisha juu kwa kusahau paji na nywele. Chini ya pua ni kama nusu ya njia kutoka nyusi hadi kidevu. Kati ya jicho na jicho ipo nafasi ya jicho moja. Watu hawafanani, lakini anza hivyo.

Piga mkato wa kwanza chini ya pua, uingie ndani, kisha utoe mti kutoka chini ukija kuukuta mkato huo. Baada ya hapo shusha pale pua inapokutana na paji. Hapa angalia nyuzi za mti: chonga kutoka kwenye paji ukishuka, halafu kutoka ncha ya pua ukiingia ndani kuelekea paji, mikato ikutane bondeni. Ukipitiliza bonde na kupanda upande wa pili, mti utabanduka. Pua iache kubwa kuliko unavyotaka, ipunguzwe mwishoni.

Macho bado. Chimba kwanza mashimo mawili kwa bobari, ile patasi yenye makali yaliyopinda, mapana na yenye kina, ukiacha kilima katikati ya kila shimo. Jicho ni tufe lililokaa ndani ya mfupa, na kope zimelifunika juu na chini. Bila kilima hicho hata ukichora kope nzuri namna gani, jicho litabaki picha. Mdomo nao umekaa juu ya meno, na meno yamepinda. Tengeneza kwanza uvimbe kama nusu pipa kati ya pua na kidevu, ndipo ukate mstari wa midomo, na pembe zake ziwe nyuma kuliko katikati. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote, kwa sababu uvimbe ule ukikaa sawa uso unaanza kuwa wa mtu hata kabla ya macho.

Makali yapime kwa kukata kwenye ncha ya gogo, kwa kukingama nyuzi. Mkato uking'aa, patasi iko sawa. Ukionekana umesagika, rudi kwenye jiwe la kunolea. Patasi butu ndiyo inayokata watu, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu nayo inateleza. Kifunge kipande kwenye jiliwa, kile kifaa cha kubania mti, na mkono wa pili usikae mbele ya makali hata mara moja. Nakuomba sana hapo. Msasa usiutumie katikati ya kazi, maana chembe zake hubaki kwenye mti na kuharibu makali utakaporudi na patasi.

Kila jioni zima taa ya juu, uweke taa moja ubavuni mwa kazi. Palipokosa kivuli pana mti wa kuondoa.

Vichwa vya mwanzo vichonge bila macho kabisa: paji, pua, mashimo, mashavu, uvimbe wa mdomo. Ukinitumia picha, piga ya ubavuni pamoja na ya mbele, maana ile ya mbele haitanionyesha kina. Ukija likizo, njoo na vipande vyenyewe na patasi zako zote, tuzinoe pamoja.

Baba yako