Maswali na majibu: Majina kwanza, jalada baadaye

Barua za vitabu vya picha za familia zimekuwa nyingi, na nyingi zinauliza rangi ya jalada. Hizo nimeziweka kando. Nimebakiza zifuatazo.

Nina picha zaidi ya elfu nne, nyingine kwenye simu, nyingine kwenye sanduku la bati alilotuachia baba. Nataka kitabu kabla ya Krismasi. Nianze na programu gani? (Msomaji, Jinja)

Usianze na programu. Anza na mtu mzee kuliko wote katika ukoo wenu ambaye bado anaona na bado anakumbuka. Mpelekee hilo sanduku wiki hii, wala usingoje likizo. Keti naye, washa kinasa sauti cha simu, na kila picha atakayoishika akuambie nani ni nani, walikuwa wapi na nani alikuwa amemkasirikia nani. Nyuma ya picha, pembeni, andika namba kwa penseli laini, kisha itamke namba hiyo kwenye rekodi. Kalamu ya wino usiiguse: huacha mkwaruzo unaojitokeza upande wa mbele, na wino wake huhamia kwenye picha ya jirani.

Mwaka 2015 shirika la utangazaji la Uganda, UBC, lilikuta kabatini negativu (filamu za kusafishia picha) zipatazo 70,000, nyingi za enzi za Idi Amin. Zilipofanyiwa maonyesho kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019, kilichosaidia kuzielewa ni bahasha zake: ziliandikwa tarehe na tukio. Ikiwa wapiga picha wa Amin walipata muda wa kuandika juu ya bahasha, wewe mwenye sanduku moja huna kisingizio.

Mzee akisahau mwaka, iangalie picha yenyewe. Kukiwa na bango la kumkaribisha Papa Uganda, miaka inayowezekana ni mitatu tu: 1969, 1993 na 2015. Muhuri wa studio yenye jina la Kihindi aghalabu unakurudisha kabla ya mwisho wa 1972, Waasia walipofukuzwa. Mtoto aliyebebwa mgongoni naye ana tarehe ya kuzaliwa, mpigie simu.

Hayo yakiisha ndipo uchague. Kitabu kizuri kinabeba picha mia, mia na hamsini hivi. Keki moja haihitaji picha arobaini. Na Krismasi uliyoitaja iwe ya mwakani.

Wachapaji wa mtaa wa Nasser Road, Kampala, watanichapia kwa shilingi ngapi?

Kitabu kipi? Ukubwa gani, kurasa ngapi, karatasi ya uzito gani, nakala ngapi, jalada gumu au laini? Swali hili linanifikia kila mara, na kila mara halina hata kimoja kati ya hivyo. Ukienda nalo hivyohivyo, mchapaji atakukadiria kwa viatu ulivyovaa.

Lipia nakala moja ya majaribio kwanza, uitazame nje kwenye jua, maana kioo cha simu hung'arisha rangi ambazo karatasi haiwezi kuzitoa. Na flashi ya kubebea mafaili utakayokwenda nayo iwe na faili la kitabu tu, si ile yenye hati ya kiwanja na kitambulisho chako. Mtaa ule unajulikana nchi nzima kwa kuchapa chochote, hata vile ambavyo ofisi ya serikali ndiyo ilipaswa kuvichapa. Picha asili zibaki nyumbani.

Shangazi zangu wamenitumia picha zote kwa WhatsApp. Zinatosha?

Nimeshalijibu hili, na naona nitalijibu hadi nistaafu. WhatsApp hubana picha. Kwa kawaida upande mrefu unabaki na pikseli 1,600 hivi, wakati chapa safi inataka 300 kwa kila inchi. Gawanya mwenyewe: sentimita kumi na tatu na kidogo, basi. Ukiitandaza kwenye ukurasa mzima wa A4, unaotaka 2,480 kwa 3,508, bibi anageuka ukungu. Tarehe ya kupigwa nayo hupotea njiani. Warudie shangazi, watume upya kama dokumenti. Na zile za karatasi, usizipige kwa simu chini ya taa ya sebuleni. Ziskani, za ukubwa wa postikadi ziskani kwa pikseli 600 kwa kila inchi.

Picha za ubatizo zimeganda kwenye albamu ya kurasa za gundi. Nizibandue kwa maji ya moto?

Hapana! Skani ukurasa mzima kama ulivyo. Ukilazimika kuzitoa, pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, polepole, kama unakata ugali. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu iskani kupitia kioo hichohicho. Na kwa wale watano walioniuliza kuhusu kulamineti, yaani kuifunika picha kwa plastiki ya moto: msilamineti. Ule moto na ile gundi havirudi nyuma.

Picha pekee ya babu ina tundu la mraba pale uso ulipokuwa. Kijana wa studio anasema akili mnemba itamrudishia uso. Nikubali?

Usikubali. Tundu hilo lina sababu yake. Kulikuwa na studio ambazo mteja aliyetaka picha ya pasipoti alipigwa akiwa amekaa kitini, uso ukakatwa kwa kipimo, mabaki akapewa au yakatupwa. Maana yake uso wa babu yako huenda uko mahali: kwenye kadi ya kazi, kitabu cha ushirika wa kahawa, pasi ya zamani, faili la shule ya misheni. Utafute huko.

Mashine haijapata kumwona babu yako. Itakupa mwanamume fulani, mtanashati, na miaka ishirini baadaye vitukuu watakuwa wanabishana nani amerithi pua yake. Kufuta vumbi na mikwaruzo kwenye koti sina ugomvi nako, mradi faili la asili libaki. Chapa picha na tundu lake, uandike chini kwa nini liko.

Baba alioa wake watatu. Mama ndiye anayelipia kitabu, na hataki wale wengine waonekane. Nifanye nini? (Kifungua mimba, Tororo)

Kipe kitabu jina la kweli. Kikiitwa cha mama yako na watoto wake, hakuna mwenye neno. Kikiitwa cha ukoo wa baba yako, watoto wote wanaingia, na mama zao pia. Muulize mama anataka kipi kati ya hivyo viwili. Asikuambie cha tatu.

Usimkate mtu kwa mkasi wala kwa kompyuta. Mara nyingi mkono wake hubaki begani kwa mwingine na kila mgeni atauliza ni wa nani. Tena fikiri mbele. Siku ya kikao cha kugawa ardhi, kuna mtu atakuja na kitabu hiki kwapani. Aliyeachwa nje atakumbuka nani alikipanga, na mpangaji ni wewe, si mama.

Picha yetu ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, ina watu sitini. Niitandaze kurasa mbili?

Kitabu kikifungwa kwa gundi, mgongo unameza katikati ya picha, na katikati ndipo wanapokaa bibi na bwana harusi. Ama ushone kitabu kwa namna inayofunguka bapa, ama uiweke kwa upana ukurasa mmoja. Majina yaende chini, mstari kwa mstari, kutoka kushoto. Ndiyo, yote sitini.