Miwani haimharibu mtoto macho

Dada, unaogopa miwani itamzoesha vibaya binti yako wa miaka 9 asiyeona ubaoni. Mama yangu alininyima kwa hofu hiyohiyo, nikawa nanakili daftari la jirani hadi darasa la saba! Kwa asiyeona mbali, mara nyingi jicho huwa limerefuka kuliko kawaida, picha ikaangukia mbele ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Miwani haileti hilo, wala karoti hailifupishi jicho. Mpeleke akapimwe, avae, arudi kupimwa kila mwaka. Acheze nje mchana, kwa muda wa saa 2 hivi kila siku. Simu isikae puani.

Na wewe uliyesema namba yako ya miwani imepanda ghafla ukubwani, pima sukari ya damu, huenda ndiyo chanzo. Ukiona vimulimuli vya mwanga machoni au kama pazia jeusi, wahi hospitali siku hiyohiyo.