Walijuaje bila mashine za kusoma DNA?

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata, na picha ya majibu ya maabara nimeiona. AS. Yaani umerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, umeibeba bila kuugua. Haikunishtua, maana baba yako naye ni AS, na kwao Pangani selimundu si ugonjwa wa kusimuliwa. Kilichonifurahisha ni swali lako. Daktari amekwambia himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya selimundu inatofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu, yaani punje moja katika mnyororo wa protini, na kwamba jambo hilo limejulikana tangu mwaka 1957. Nawe ukauliza: "Mama, enzi hizo kusoma DNA hakuna, mashine za maana hakuna. Walijuaje?"

Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu utanikatisha kabla sijafika kwenye tripsini, na tripsini ndiyo habari yenyewe.

Nianze na kile nilichokuwa nikikifanya kazini maabara. Unaweka tone la damu kwenye kioo, unaongeza tone la sodiamu metabisalfaiti, unafunika kwa kioo chembamba, unaziba kingo kwa mafuta ya mgando ili hewa isipite. Unasubiri. Ukirudi kwenye hadubini, chembe nyekundu zilizokuwa za mviringo zimejikunja, ncha zimechongoka. Dawa ile imezinyang'anya oksijeni, basi. James Herrick wa Chicago aliandika habari za chembe za umbo hilo mwaka 1910, alipozikuta kwenye damu ya kijana kutoka Grenada. Kwa karibu miaka 40 baada ya hapo watu waliendelea kuzitazama na kuzichora, kosa lenyewe liko wapi hawajui.

Aliyegeuza mambo ni Linus Pauling, mkemia wa California. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama chembe hujikunja pale oksijeni inapopungua, na mbeba oksijeni ni himoglobini, basi wa kumshuku ni himoglobini, tuachane na umbo la chembe. Kazi hiyo akampa daktari kijana, Harvey Itano. (Huyu Itano mwaka 1942 alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote pale Berkeley, ila mahafali hakuhudhuria, kwa sababu serikali ya Marekani ilikuwa imeshawafungia kambini watu wenye asili ya Kijapani. Vitabu vyetu vya shule hilo havikutuambia.) Itano na wenzake wakaipitisha himoglobini kwenye umeme, na ile ya wagonjwa ikatembea tofauti na ya kawaida. Kwa hesabu yao, kila molekuli ilikuwa na chaji chanya za ziada kati ya 2 na 4. Damu ya watu kama wewe ilitoa himoglobini zote mbili kwa pamoja. Hiyo ilikuwa 1949, na kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba ugonjwa mzima unaweza kutokana na kasoro ya molekuli moja ya protini.

Sawa, lakini chaji hizo zimetoka wapi? Himoglobini ina asidi amino 574. Walioivunja yote na kuhesabu kila aina imo kwa kiasi gani hawakupata tofauti ya kushika. Ni sawa na kupima magunia mawili ya maharage ili ujue lipi limebadilishwa punje moja. Mizani haina ubavu huo.

Njia nyingine ilikuwa kuisoma protini, asidi amino moja baada ya nyingine. Frederick Sanger wa Cambridge alikuwa akifanya hivyo kwa insulini, yenye asidi amino 51 tu, na ilimchukua kama miaka 10 mpaka akaimaliza mwaka 1955. Ile ilikuwa kazi ya ajabu. Ilimpa tuzo ya Nobel mwaka 1958, na iliwanyamazisha waliokuwa wakidhani protini ni mchanganyiko usio na mpangilio maalumu. Lakini piga hesabu mwenyewe: kama 51 ni miaka 10, 574 ni miaka mingapi?

Hapo ndipo anaingia Vernon Ingram. Alizaliwa Ujerumani, akafika Uingereza akiwa bado mdogo baada ya familia yake kuwakimbia Wanazi. Miaka ya 1950 alikuwa Cambridge, kwenye maabara ya Cavendish, katika kundi la Max Perutz lililokuwa likichunguza himoglobini kwa eksirei. Akili ya Ingram, mimi naona, ilikuwa kutojaribu kuisoma himoglobini hata kidogo. Alikuwa na mbili mkononi, ya kawaida na ya selimundu. Alichohitaji ni kuzilinganisha.

Sasa ndiyo tripsini. Hiki ni kimeng'enya cha kongosho, na kazi yake kwenye utumbo ni kukata protini za chakula. Uzuri wake ni kwamba hakikati ovyo. Kinakata baada ya lisini au baada ya arginini, kwingine hakigusi. Ukichemsha protini kwenye asidi kali inasambaratika mpaka mwisho, hujui tena nani alikuwa jirani ya nani. Ukiipa tripsini unapata vipande vifupi, na vitakuwa vilevile leo na kesho. Lisini na arginini kwenye himoglobini ni kama 60, na molekuli ina nusu mbili zinazofanana, kwa hiyo Ingram alitegemea vipande aina 30 hivi. Thelathini unaweza kuvitazama kwa macho.

Tatizo ni kwamba ukivitenganisha kwa njia moja tu, vingine vinalaliana. Kwa hiyo alitumia njia mbili juu ya karatasi moja ya kuchujia. Unadondosha mchanganyiko sehemu moja, unalowanisha karatasi, unapitisha umeme. Vipande vyenye chaji chanya vinaelekea kwenye ncha hasi, vyenye chaji hasi vinaelekea kwenye ncha chanya, visivyo na chaji vinabaki katikati. Unaikausha, unaigeuza robo mzunguko, na safari hii unaacha mchanganyiko wa butanoli, asidi ya siki na maji upenye taratibu kwenye karatasi. Kipande kinachopenda maji kinabaki nyuma, kisichoyapenda kinakwenda mbali. Mwisho unapaka ninihidrini na kupasha moto. Alama za zambarau zinajitokeza moja baada ya nyingine, na kila moja ni kipande cha himoglobini. (Ninihidrini ukiishika bila glavu vidole vinakaa zambarau siku kadhaa. Baba yako alidhani nimeanza kuchora picha.) Ingram aliuita mchoro huo alama za vidole za protini.

Akaweka karatasi mbili pamoja. Alama za upande huu zilikuwa na wenzake upande wa pili, mahali palepale, isipokuwa moja aliyoipa namba 4. Kwenye himoglobini ya kawaida ilikuwa katikati, kwenye ya selimundu imesogea kuelekea ncha hasi. Maana yake kipande hicho kimepata chaji chanya, au kimepoteza chaji hasi. Hiyo ni makala yake ya 1956 kwenye jarida la Nature. Mwaka uliofuata alikuwa ameshakitoa kipande hicho, akakivunjavunja zaidi kwa njia za akina Sanger, na akaona kwamba palipokuwa na asidi ya glutamiki pamekaa valini. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi, valini haina chaji yoyote. Kwa kuwa molekuli ina nusu mbili, chaji hasi mbili zimepotea, na mbili zimo ndani ya makadirio ya Pauling ya 1949. Mimi hapo ndipo nilipoamini kemia, nikiwa chuoni, maana watu waliotumia njia tofauti kabisa wamekutana kwenye namba ileile.

Bahati nayo ilimsaidia, usidanganywe. Karibu theluthi ya himoglobini tripsini ilishindwa kuikata, ikabaki bonge tu chini ya chombo. Kama kosa lingekuwa kwenye bonge hilo, karatasi zake zingefanana kabisa. Baadaye walirudi kulishughulikia kwa kimeng'enya kingine na hawakukuta tofauti humo.

Utapenda pia kujua kwamba himoglobini ya selimundu iliyokuwa pale Cambridge ilipatikana kupitia Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya, akakuta pwani na kando ya Ziwa Victoria wenye hali kama yako wanazidi mmoja kati ya watano, na nyanda za juu karibu hawapo. Akajiuliza pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakipo. Mbu. Mwaka 1954 alichapisha matokeo ya watoto wa Buganda, ambao wenye AS walikuwa na vijidudu vya malaria kwa uchache zaidi. Alichapisha pia jaribio la wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea kuambukizwa: kati ya 15 wasio na AS waliugua 14, kati ya 15 wenye AS waliugua 2. Jaribio hilo bado hunifanya nigune kila nikilifikiria, ingawa jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini ukoo wa baba yako umebeba kitu hiki vizazi na vizazi.

Na valini moja inaharibu vipi? Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini ile, ambayo haipendi maji, inapata kishimo cha kujibanza kwenye molekuli ya jirani. Jirani naye anambana wa pili, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma chembe kutoka ndani. Kwako wewe himoglobini ya kawaida ni nyingi na inakatiza nyuzi hizo, ndiyo maana umecheza mpira wa pete shuleni mpaka umehitimu bila kulazwa.

Sasa kuhusu Idi, mchumba wako. Akapime kabla wazee wao hawajaja kuzungumzia mahari, maana ninyi wawili mkiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye SS, yaani aliyerithi jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili na anaugua. Asikubali kile kipimo changu cha tone na kioo peke yake, kwa sababu kinaonyesha kama selimundu ipo lakini hakitofautishi AS na SS. Aombe elektroforesisi ya himoglobini, umeme uleule wa akina Itano. Majibu yakitoka nipigie picha karatasi nzima, usinitumie herufi mbili tu.

Mama yako