Saa 24 kwa mwaka: kwa mwalimu mpya wa muziki shuleni

Piga hesabu hii kabla hujaingia darasani. Kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki, katika mwaka wenye wiki 36 za masomo, ni saa 24. Hapo hujatoa mitihani, sikukuu, wala vipindi vitakavyochukuliwa na somo jingine. Ukipoteza dakika 5 kila kipindi kwa kugawa ala na kutuliza kelele, mwaka utakwisha umetupa saa 3, yaani vipindi vinne na nusu. Mwalimu mpya hudhani shida yake ya kwanza ni uhaba wa ala. Mara nyingi shida ya kwanza ni muda, na sehemu ya muda huo iko mikononi mwake.

Hesabu imetangulia kwa sababu kujiendeleza kitaaluma na kulitetea somo lako ni kazi moja. Siku utakapomwendea mwalimu mkuu kuomba kipindi cha pili, kuna swali ambalo huenda asilitamke: kile cha kwanza umekitumiaje? Jibu la swali hilo hutolewa kwa masikio. Watoto wanaimba vizuri kuliko mwanzo wa mwaka, au hawaimbi.

Kwa hiyo anza kwa kujirekodi. Weka simu nyuma ya darasa, urekodi kipindi kizima sauti tu, kisha usikilize ukiwa na kalamu. Tafuta namba tatu: sekunde zilizopita kabla ya muziki wa kwanza kusikika, dakika ulizozungumza wewe, na idadi ya watoto waliosikika peke yao au katika kundi lisilozidi wanne. Wengi hushtushwa na namba ya pili. Kuzungumza dakika 18 kati ya 40 ni jambo la kawaida kwa anayeanza, na kila maelezo yalionekana ya lazima yalipokuwa yakitolewa. Usijaribu kurekebisha yote kwa pamoja. Chukua namba moja, ifanyie kazi mwezi mzima, kisha rekodi tena. Anayetaka kubadilisha mambo sita kwa wiki moja hurudia mazoea yake yote ndani ya wiki tatu.

Dakika za mwanzo huokolewa kwa utaratibu, ukali hausaidii. Watoto waingie tayari unapiga mapigo ya mkono nao wakikuitikia kwa makofi. Kipindi kimeshaanza kabla ya wa mwisho kuketi, na hakuna aliyeambiwa anyamaze. Ala zikae mahali pamoja, kila moja na namba yake, na namba hiyo iwe ya mtoto yule yule muhula mzima. Ukisema "namba 1 hadi 8", wanane wanajua waende wapi, na ala ikivunjika unajua ilikuwa kwa nani.

Sasa sauti, maana hapa ndipo makosa mengi hujificha. Kosa linalojirudia zaidi ni kuanzisha wimbo chini mno. Mtu mzima huanza pale koo lake linapostarehe, labda A au B iliyo chini ya C ya kati, ile iliyo katikati ya kinanda. Mtoto wa miaka 6 hadi 8 huimba kwa raha kuanzia D iliyo juu ya C ya kati hadi A au B inayofuata. Ukimshusha chini ya hapo anaacha kuimba, anatamka maneno kwa sauti ya kuzungumzia, nawe unahitimisha kwamba darasa halina sikio. Darasa lina sikio. Umelianzishia mahali pasipo na sauti. Nunua uma wa sauti, chuma kidogo kinachotoa noti moja kikigongwa, wa A, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Ugonge, usikilize, kisha ushuke so–mi–do: A, F kali (F♯), D. Umefika D, na wimbo ulio katika mizani ya D, yaani wenye do yake kwenye D, utawakaa watoto wengi wadogo vizuri. Zoezi hilo linachukua sekunde tano.

Mwalimu mwanamume ana jambo la ziada. Sauti yake iko oktava moja chini ya watoto. Wengi watapanda wenyewe, ila wachache watamfuata huko chini na kuishia kunguruma. Imba kwa sauti nyepesi ya kichwa ukiweza. Usipoweza, tumia filimbi au kinanda kuonyesha noti, au mwombe mtoto ambaye sauti yake imekaa sawa atoe mfano. Mtoto humwiga mtoto mwenzake haraka kuliko anavyomwiga mtu mzima.

Na usiimbe pamoja nao muda wote. Imba kifungu, nyamaza, wasikilize. Ukiimba nao husikii chochote isipokuwa koo lako, na wao wanajifunza kukuegemea. Siku ya onyesho, ukisimama mbele kimya ukiwaongoza kwa mikono, wimbo unaporomoka kwenye mstari wa pili. Kunyamaza pia kunaokoa sauti yako. Mwalimu wa muziki mwenye vipindi 25 kwa wiki anatumia koo kuliko mwimbaji wa jukwaani, tena bila kupasha sauti. Pasha dakika 3 asubuhi kwa kuvuma midomo imefungwa na kuteleza toka juu kwenda chini. Usipige kelele kushinda ngoma. Weka ishara ya mkono ya kusimamisha na uifundishe siku ya kwanza. Ukikwaruza sauti zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari, hata kama haikuumi.

Kozi na semina zitakuja, na nyingi zinafaa. Jua tu unanunua nini, yaani kozi inafuata njia ipi. Do, re, mi tunazotumia zina mizizi kwa Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11 aliyetafuta njia ya kuwafundisha waimbaji nyimbo wasizowahi kuzisikia. Katika karne ya 19 Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, aliitengenezea watoto, John Curwen akaisambaza na kuongeza ishara za mikono, na ishara hizo zikaja kuingia katika ufundishaji unaofuata fikra za Zoltán Kodály wa Hungaria. Émile Jaques-Dalcroze alianzia kwenye mwili na mwendo, Carl Orff kwenye mdundo, usemi na ala za kugonga. Njia hizi hazipingani, lakini mwalimu mpya anayezichanganya zote katika muhula mmoja huishia kuwa na michezo mingi isiyokwenda popote. Chagua moja, ikae nawe mwaka mzima.

Kabla hujalipia kozi uliza: je, washiriki hufundisha mbele ya wenzao na kukosolewa? Kama siku nzima ni kumsikiliza mkufunzi, utarudi na daftari zuri na mikono ile ile. Uliza pia kama cheti chake kinatambuliwa na mwajiri wako, na uliza kabla ya kulipa. Ukirudi, chukua zoezi moja ulilojifunza, lijaribu kwa darasa moja kwa wiki sita, ndipo ulipeleke kwa mengine. Zoezi likishindikana katika madarasa tisa kwa mpigo, hutajua kosa ni la zoezi au la kwako.

Sikio lako nalo linahitaji kazi yake, dakika 10 kwa siku. Andika mstari mmoja wa wimbo unaousikia bila kugusa ala, kisha uhakiki. Imba sauti ya pili huku ukipiga ya kwanza. Mpigaji hodari wa kinanda mara nyingi hukosa kusikia makosa ya kwaya, kwa sababu akili yake imekwenda kwenye vidole.

Shuleni huenda ukawa peke yako katika somo hili, na upweke huo hudumaza. Tafuta walimu watatu hadi watano wa shule nyingine, mkutane mara moja kwa mwezi. Kila mmoja alete rekodi ya dakika 2 ya darasa lake na swali moja. Bila rekodi mkutano hugeuka kuwa wa malalamiko, na malalamiko hayamfundishi mtu kufundisha. Ndani ya shule, mwombe hata mwalimu wa hisabati akuangalie kipindi kimoja, umpe kazi ndogo: aandike watoto ambao hawakufungua midomo, na walikaa wapi. Hahitaji kujua noti hata moja. Utagundua kwamba karibu wote wako pembe moja, ile usiyoitazama.

Tuje kwenye utetezi. Hoja unayoiacha kando ni muhimu sawa na ile unayoibeba. Wengi hukimbilia kusema muziki unaongeza akili ya hisabati. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Frances Rauscher na wenzake: wanafunzi 36 wa chuo waliosikiliza sonata ya Mozart kwa dakika 10 walipata alama za juu zaidi katika mafumbo ya maumbo, na faida hiyo ilidumu kama robo saa tu. Hawakuwa watoto, na hakuna aliyefundishwa kuimba wala kupiga ala. Hata hivyo habari ilivuma, na mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, Zell Miller, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto mchanga wa jimbo hilo apewe rekodi ya muziki huo. Tazama hoja ile ilileta nini: sahani za kusikiliza. Ombi lile halikuwa la mwalimu. Tena ukiliegemeza somo lako kwenye hisabati, anayetaka kulifuta atakujibu kwamba basi tuongeze hisabati, na utakuwa huna la kusema.

Simama juu ya muziki wenyewe. Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, kifungu cha 31, unampa mtoto haki ya kushiriki kikamilifu katika maisha ya utamaduni na sanaa. Kitaje ikibidi, kwa sentensi moja. Kisha weka ushahidi wa watoto wa shule hiyo hiyo. Wiki ya kwanza ya mwaka, rekodi makundi ya watoto wanne wanne wakiimba sekunde 30. Darasa la 40 lina makundi 10, ni dakika 5 na muda kidogo wa kubadilishana. Wimbo ule ule, kundi lile lile, urudie wiki ya 12 na ya 30. Omba ruhusa ya wazazi kwa maandishi mapema, usitaje majina, na usizisambaze. Mwalimu mkuu akisikia sekunde 30 za mwanzo na 30 za mwisho, umemweleza kwa dakika moja kile ambacho ripoti ya kurasa sita isingekieleza.

Onyesho la mwisho wa mwaka litumie vivyo hivyo. Likiwa na nyimbo zilizonyooka tu, mzazi huona watoto wenye vipaji na sare nzuri, haoni somo. Tenga dakika 3 katikati: fundisha wimbo mfupi mpya pale pale, mbele ya watu, watoto wakisoma sol-fa (do, re, mi) ubaoni bila kuusikia kabla. Hapo ukumbi unaelewa kwamba kuna kitu kinafundishwa. Chagua wimbo rahisi kuliko unavyodhani inafaa, maana woga hupunguza uwezo wao.

Ombi la maandishi liwe ukurasa mmoja na jambo moja. Andika unachotaka, gharama yake, tarehe ambayo uamuzi unahitajika, na watoto wangapi watanufaika. Lifike wakati bajeti na ratiba bado zinapangwa. Baada ya hapo hata anayekupenda hana pa kukuweka. Ambatisha daftari la ala lenye namba ya kila moja, hali yake, na kinachohitajika. Ombi la nyuzi, ngozi za ngoma na gundi hupita kwa urahisi kuliko ombi la ala mpya, na mara nyingi ndilo lenye faida zaidi. Gitaa la nyuzi za nailoni, kwa mfano, uzi wa nne ndio huchoka mapema; weka akiba ya huo kuliko seti nzima.

Kama chumba kina mwangwi na kelele, usilalamike, pima. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu mzima kazini asizidi wastani wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja. Kipimo cha simu si sahihi kabisa, lakini kinatosha kufungua mazungumzo kuhusu mapazia mazito, mazulia, au kuhamishia ngoma nje.

Na watoto watatolewa kipindini kwako kwenda masomo ya ziada. Kukataa moja kwa moja kutakuacha peke yako. Peleka ratiba ya mzunguko iliyoandikwa tayari: kundi litoke kwenye muziki wiki ya kwanza, kwenye somo jingine wiki ya pili, na kuendelea, hivi kwamba katika masomo sita hakuna mtoto anayekosa muziki zaidi ya mara moja kwa wiki sita. Mpelekee kwanza mwalimu wa masomo hayo ya ziada, muirekebishe ratiba pamoja, kisha mwende kwa mwalimu mkuu mkiwa wawili.