Ufanisi wa kikosi katika uigaji wa kompyuta: mafunzo na ari viingie wapi?

Swali: Ninaandika programu ya kuiga mapigano ya vikosi viwili. Kila mara kikosi chenye askari wengi hushinda kwa urahisi. Nitaingizaje mafunzo na ari?

Jibu: Programu yako haijakosea, kwani inafuata kanuni aliyoieleza mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester mwaka 1914. Pale ambapo kila askari anaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya kikosi ni ufanisi wa askari mmoja mara idadi yao katika kipeo cha pili. Askari 100 wakipambana na 70 wa uwezo uleule hadi mwisho, hao 70 wataisha na upande wa pili utabaki na 71 hivi. Ili wale 70 watoshane nao, kila mmoja anahitaji ufanisi unaozidi kidogo mara mbili.

Utashawishika kuipandisha namba ya ufanisi mpaka matokeo yakupendeze. Kabla ya hapo, itazame Iwo Jima, kisiwa cha Japani ambako Wamarekani walipigana na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1954, mtafiti J. H. Engel alipoilinganisha milinganyo ya Lanchester na takwimu za mapigano ya 1945 kisiwani humo, ufanisi wa askari mmoja wa Japani ulitokea kuwa takriban mara tano ya ule wa Mmarekani. Sidhani kuna anayeamini kwamba Wajapani walikuwa na shabaha mara tano. Ndani ya namba hiyo mmejificha mapango, njia za chini ya ardhi na mshambuliaji aliyelazimika kusonga mbele akiwa wazi. Tena Wajapani walipigana karibu hadi mtu wa mwisho, jambo ambalo ni nadra. Kwa hiyo ari uiweke katika kiwango cha hasara kinachokifanya kikosi kiache kupigana, badala ya kuichanganya na shabaha.

Mafunzo ni magumu zaidi, kwa sababu hayajumlishwi na silaha, bali huzidishana nazo. Mapigano ya vifaru ya 73 Easting, kati ya Wamarekani na Wairaki nchini Iraki, tarehe 26 Februari 1991, yalirudiwa baadaye katika programu iitwayo Janus. Wachunguzi walipowanyima Wamarekani vifaa vya kuonea joto, au walipowapa Wairaki mahandaki yaliyochimbwa ipasavyo, kama ambavyo askari waliofunzwa vizuri wangeyachimba, hasara za Wamarekani ziliongezeka sana. Nawe fanya hivyo: badilisha jambo moja tu, endesha programu mara mia kadhaa kwa namba za nasibu tofauti, kisha ulinganishe mtawanyiko mzima wa matokeo, si wastani peke yake.