Kona ya Mkimbiaji: Baridi ya Julai, Milima na Mapaja Yanayowaka Moto

Tangu mvua za masika zikatike, maswali mengi yanayofika kwenye kona hii yanatoka Arusha na Moshi, na karibu yote yanazunguka mambo mawili: milima na baridi. Tumechagua saba. Majina tumeyahifadhi kama mlivyoomba.

Kocha, habari za kazi. Nakimbia alfajiri kutoka Sakina kupanda Ilboru. Navaa sweta na trakisuti, lakini nikifika juu nimelowa kama nimenyeshewa, na nikigeuka kushuka natetemeka. Nivae nini? – Sakina, Arusha

Jibu umeshalitoa mwenyewe: unatetemeka ukigeuka. Unapopanda, misuli inachemka na jasho linamwagika. Ukianza kushuka kazi inapungua, joto nalo linapungua, upepo unakupiga kifuani, na lile sweta lililojaa jasho limeshageuka taulo la maji baridi. Kosa hulifanyi kule juu, unalifanya mlangoni kwako kabla hujatoka.

Kanuni ya wakimbiaji ni kuvaa kana kwamba hewa ina joto la nyuzi 8 hadi 10 zaidi ya lilivyo. Alfajiri ya nyuzi 12, ambayo ndiyo Julai yenyewe ya Arusha, inatosha bukta, jezi nyepesi ya mikono mirefu na glavu. Ukisimama getini ukajisikia raha, umezidisha nguo. Dakika 10 za mwanzo unatakiwa uhisi ubaridi.

Fulana ya pamba iache nyumbani. Inakunywa jasho na kukaa nalo. Jezi ya poliesta, hata ile ya mpira wa miguu ya mitumba pale soko la Kilombero, inafanya kazi vizuri zaidi. Ukitaka kuwa na uhakika, ukifika nyumbani ilowanishe kona moja kisha uikamue kwa nguvu: pamba itabaki nzito na baridi mkononi, poliesta itakuwa karibu imekauka. Nguo mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito, kwa sababu ya juu unaweza kuivua na kuifunga kiunoni. Glavu zikikosekana, vaa soksi kuukuu mikononi, hakuna atakayekucheka saa 12 asubuhi. Lile koti la mvua la nailoni lisilopitisha hewa ni la kukaa nalo kwenye bodaboda. Ukikimbia nalo utalowa kwa ndani kabla mvua haijakulowesha kwa nje.

Nimejipangia dakika 5:40 kwa kilomita. Kwenye mlima saa inaniambia 6:20 na zaidi, nakata tamaa na kuongeza nguvu. Nikifika kilomita ya 30 nimekwisha. – Moshono, Arusha

Saa haina kosa, mpango ndio wenye kosa. Kila asilimia 1 ya mwinuko (yaani mita 1 kwenda juu kwa kila mita 100 za barabara) inakugharimu takriban sekunde 7 hadi 9 kwa kilomita, kwa nguvu ileile. Mwinuko wa asilimia 5 ni sekunde 40 hivi. Kwa hiyo 5:40 yako kwenye mlima huo ni 6:20, na hapo ulikuwa sawasawa kabisa na mpango wako bila kujua.

Mteremko nao haurudishi deni lote. Utapata nafuu ya karibu nusu yake tu, kwa hiyo njia ya milima haiwezi kukupa muda wa njia ya tambarare, hata kama unaanzia na kumalizia sehemu moja. Ukishalikubali hilo, acha kuangalia mwendo unapopanda. Sikiliza pumzi: uweze kusema sentensi fupi kabla ya kuhema. Fupisha hatua, mikono ifanye kazi, macho yawe mita 10 mbele, siyo kileleni. Mahali mwinuko unapozidi asilimia 15, kutembea kwa haraka kunalingana na kukimbia na kunakula nguvu kidogo. Anayekucheka muulize mtakapofika kilomita ya 35.

Kupanda Mweka sina shida. Shida ni kushuka. Kesho yake mapaja yanawaka moto na ngazi nashuka kinyumenyume. Je, magoti yangu yameharibika? – Shanty Town, Moshi

Kama maumivu yako mbele ya mapaja, pande zote mbili sawasawa, yanakuja siku ya pili na kuisha ndani ya siku 4 au 5, goti halina kosa. Ni misuli. Goti moja likivimba, likikwama au likiuma sehemu moja maalumu kila unaposhuka, hilo ni la daktari.

Kinachotokea ni hiki. Unapopanda, msuli wa paja unajikunja ukiwa unafanya kazi. Unaposhuka, unafanya kazi huku unavutwa na kurefushwa, kama mtu anayeteremsha gunia kwa kamba: kamba inamponyoka kidogo kidogo lakini lazima aikaze. Hiyo kazi ya kufunga breki ndiyo inayochana nyuzi ndogondogo za msuli. Mapafu hayahisi chochote, ndiyo maana watu wanateremka Mweka wakicheka na kupiga soga, halafu wanashindwa kwenye tambarare. Ukijumlisha baridi inakuwa mbaya zaidi, maana misuli iliyopoa inakaza, na unaposhuka ndipo unapopoa.

Marekebisho yanaanzia kwenye hatua. Wengi wanaegemea nyuma, wananyoosha mguu mbele na kutua kwa kisigino. Kila hatua ni breki. Fanya kinyume: mwili wote uegemee mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu (siyo kujikunja kiunoni), hatua ziwe fupi na za haraka, kati ya 170 na 180 kwa dakika, na mguu utue chini yako, goti likiwa limekunjwa kidogo. Viwiko vipanue kidogo kwa ajili ya mizani. Hesabu hatua za mguu mmoja kwa sekunde 30. Zikiwa chini ya 40, unarusha miguu mbali mno.

Halafu zoesha breki zenyewe. Mara moja kila siku 10 hadi 14, tafuta mteremko wa asilimia 3 hadi 5, barabara kavu, na ushuke kwa kasi ya wastani dakika 1, urudi ukitembea, mara 4. Wiki baada ya wiki ongeza hadi mara 8 au 10. Msuli ulioumia kidogo ukapona unajenga kinga inayodumu wiki kadhaa, kwa hiyo mazoezi ya mwisho ya namna hii yawe wiki 2 au 3 kabla ya mashindano. Usiyafanye wiki ya mashindano, utakwenda mstarini na mapaja yanayouma. Nyumbani tumia ngazi yenye kimo cha sentimita 20: simama kwa mguu mmoja, shusha mwingine polepole kwa hesabu ya 3 hadi kisigino kiguse chini, kisha panda. Mara 10 kila mguu, duru 3.

Kucha zikiwa nyeusi baada ya kushuka, miguu inateleza mbele ndani ya raba. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, na utumie lile tundu la mwisho la kamba ambalo watu wengi huliacha: pitisha kamba kutengeneza kitanzi kidogo kila upande, pitisha ncha ya upande mwingine ndani ya kitanzi, kisha kaza. Kisigino kitakaa. Kucha kata siku 3 kabla, siyo usiku wa kuamkia mbio.

Nikikimbia kwenye manyunyu kwa zaidi ya saa 2, chuchu zinatoka damu na mapaja yanachubuka. – Majengo, Moshi

Nguo iliyolowa inasugua kama msasa. Bandika plasta juu ya chuchu ngozi ikiwa kavu kabisa, ndipo upake mafuta ya mgando sehemu nyingine: kwapani, kati ya mapaja, katikati ya vidole vya miguu. Ukianza na mafuta, plasta haitashika.

Nina miaka 61, nakimbia kutoka Kibosho. Wakati wa baridi sisikii kiu kabisa, vijana wananilazimisha kunywa maji. Nani yuko sahihi? – Kibosho

Shikamoo mzee wetu. Wote mna haki kidogo. Kwenye baridi mishipa ya ngozi inajibana na damu inakimbilia ndani ya mwili. Mwili unaona damu imekuwa nyingi, unapunguza kiu na kuongeza mkojo. Huku nyuma jasho linaendelea kutoka bila kuonekana. Kwa hiyo kutosikia kiu hakumaanishi kwamba hupotezi maji.

Ila kunywa kwa kulazimishwa nako ni hatari. Maji mengi kuliko yanayotoka yanashusha chumvi ya damu, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, pete kubana kidoleni na mtu kuanza kuchanganyikiwa. Kwa baridi yetu, mililita 400 hadi 500 kwa saa zinawatosha wengi, kwa mafunda madogomadogo. Mtu akimaliza mbio amezidi uzito aliokuwa nao asubuhi, amekunywa kupita kiasi.

Chakula usikisahau, kwani kutetemeka nako kunakula sukari. Baada ya saa ya kwanza, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama gramu 25. Glukosi gramu 30 ndani ya nusu lita ya maji inafaa. Ukiiongeza ikawa nzito kama sharubati, tumbo litalalamika.

Na moja kwa umri wako, mzee: mishipa ikijibana presha inapanda. Kama una dawa za presha, mweleze daktari kwamba unakimbia milimani asubuhi ya baridi. Tembea dakika 10 kabla ya kukimbia, wala usianzie kwenye mlima. Kifua kikibana au maumivu yakishuka mkononi, simama na uende hospitali mara moja.

Nimepata nafasi ya kukimbia marathon ya Boston, Marekani, Aprili ijayo. Nimesoma kwamba kile kilima chao maarufu, Heartbreak Hill, kinapanda mita 27 tu. Sisi wa Ilboru tuogope nini? – Njiro, Arusha

Hongera dada. Usiogope kilima. Ogopa kilomita 25 za mwanzo.

Mbio zinaanzia Hopkinton, karibu mita 150 juu ya usawa wa bahari, na zinamalizikia mjini Boston karibu usawa wa bahari. Mwanzo sehemu kubwa ni mteremko. Milima minne ya mji wa Newton inaanza baada ya kilomita 25, na Heartbreak Hill, wa mwisho wake, unakukuta kwenye kilomita ya 33 hivi. Urefu wake ni kama mita 600. Kwa mapafu yaliyozoea mita 1,400 za Arusha ni mchezo, lakini mapaja yatakuwa yamefunga breki kwa saa 2 au zaidi. Watanzania wanaijua njia hiyo: Juma Ikangaa alikuwa wa pili mwaka 1988, 1989 na 1990, ile ya kwanza kwa tofauti ya sekunde 1. Gabriel Geay akawa wa pili 2023, na Alphonce Simbu wa pili 2025.

Kwa hiyo geuza mazoezi yako. Wakimbiaji wa Arusha wamezoea kupanda kwanza na kurudi nyumbani wakiteremka. Wewe panda bodaboda hadi Ilboru, teremka ukikimbia kupitia mjini hadi Njiro, kisha geuka na kupanda kurudi Ilboru. Mara ya kwanza utashangaa.

Hali ya hewa huko haitabiriki. Mwaka 2012 joto lilifika nyuzi 30. Mwaka 2018 ilikuwa mvua, upepo wa mbele na nyuzi chache tu juu ya sifuri. Wakimbiaji wengi wakubwa waliacha njiani, akashinda Yuki Kawauchi wa Japani kwa saa 2:15:58, na kwa wanawake Desiree Linden wa Marekani kwa 2:39:54. Beba nguo za hali zote mbili.

Baridi kali zaidi utaipata kabla ya kukimbia. Mabasi yanawapeleka Hopkinton mapema na mnasubiri nje muda mrefu, wakati mwingine kwenye majani yaliyolowa. Pita soko la Memorial ukija Moshi, nunua sweta nzito, suruali ya trakisuti na raba kuukuu za bei ya kutupa. Zivae hadi dakika za mwisho, ukiwa umefunga raba zako za mbio ndani ya mfuko usiopitisha maji, kisha uziache hapo, zinakusanywa na kugawiwa wenye uhitaji. Mfuko mkubwa wa taka uliotobolewa tundu la kichwa na la mikono unazuia upepo na mvua vizuri kabisa.

Mwenzetu alimaliza mbio ndefu kwenye mvua akiwa mzima, baada ya dakika 20 akawa anatetemeka na kuongea kama mlevi. Tufanye nini ikitokea tena? – Uru, Moshi

Huyo joto lake la mwili lilikuwa linashuka. Akikimbia alikuwa jiko. Aliposimama jiko likazimika, nguo zikabaki zimelowa.

Mtoeni kwenye upepo. Vueni nguo zote zilizolowa, soksi pia, mkausheni kichwa, mvisheni nguo kavu na kofia, mfunikeni blanketi au khanga kadhaa, na mmoja akae naye akimkumbatia. Kama anajibu vizuri, mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi. Kama hajitambui msimnyweshe kitu, atapaliwa. Mbege na bia hapana, zinafungua mishipa ya ngozi na joto linatoka. Msimsugue mikono na miguu, wala msimwekee miguu iliyokufa ganzi karibu na moto. Kutetemeka kukikoma huku bado amechanganyikiwa, msidhani amepona: tafuteni gari, apelekwe hospitali haraka.

Mara nyingine, mfuko wa nguo kavu uwe mahali mnapomalizia, siyo nyumbani kwa mtu. Weka taulo, fulana, sweta, soksi, kofia na chupa ya chai, na mbadili nguo ndani ya dakika 10, kabla ya picha.