Karoti za Donge na nzi wa kutu: usikimbilie dawa

Shekhe, umesema karoti zako za Donge zinatoka zimegawika miguu miwili, nyengine zina mabaka ya kahawia, ukatafuta mtandaoni ukakuta "nzi wa kutu", na sasa unauliza upulize dawa gani. Usinunue kitu. Nzi huyo namjua, tumegombana miaka minne, lakini si hapa Unguja.

Nilikuwa Leicester, Uingereza, nimekodi kijikonde cha kulimia mboga. Nzi huyo wa kutu jina lake la kitaalamu ni Psila rosae, wengine humwandika Chamaepsila rosae. Mdogo; mwili mweusi wa kung'aa, kichwa chekundu cha kutu, miguu ya manjano. Hutaga mayai udongoni karibu na shingo ya karoti, buu likitoka huchimba njia ndani ya mzizi na kuacha rangi ya kutu. Mie nilimwita mwenyewe: nilipunguza miche mchana, majani yakakatika, harufu ikamfikia. Mzee jirani akanicheka, akanionyesha uzio wake wa neti wa sentimita 60, maana nzi huyu huruka chini chini. Nikamwiga, nikapona nusu.

Lakini huyo ni mdudu wa nchi za baridi: Ulaya, Amerika ya Kaskazini, hata New Zealand alifikishwa. Udongo mkavu wa joto huua mayai yake.

Niliporudi Unguja nikapanda karoti Dole, kwenye tuta lililotoka bamia. Zikatoka kama zako, mguu huku, mguu kule. Kabla ya kulaumu nzi nikang'oa moja taratibu, nikaiosha: vimizizi vimejaa vifundo kama shanga. Minyoo fundo, vinyoo vidogo mno vya udongoni vinavyoingia mizizini! Bamia na nyanya huifuga vizuri mno. (Samadi mbichi na mawe pia hugawa karoti, basi kumbuka uliweka nini.) Dawa ya nzi haigusi minyoo hiyo.

Kata karoti yako kwa urefu. Ukikuta buu jeupe lisilo na miguu ndani ya njia, nitayarudisha maneno yangu. Usipolikuta, tazama vimizizi. Tuta hilo lipumzishe, lichimbue likae juani kiangazi chote, kisha panda karanga, si bamia tena. Na kabla ya karoti hizi ulipanda nini hapo? Tia na picha ya vimizizi.